Hirizi Chini ya Sanduku la Mwakirunge

Rukia, Mwanaidi, na wewe Faith: siku shule ilipofunguliwa mliniuliza mbona nimekonda, na kama ni kweli nilikwenda Mwakirunge kwa watu waliotaka kumuua bibi kizee. Nikasema "nitawaambia," kisha nikaingia darasani nikajifanya natafuta rula. Mnanijua, maneno yangu hutokea kwenye kalamu. Basi shikeni daftari hili msome kwa zamu. Faith, usimsomee kakako.

Mtu wa bara atacheka nikiiita safari ndefu. Kutoka kwetu Likoni hadi Mwakirunge ni mwendo wa asubuhi moja, barabara ikiwa wazi. Lakini mimi niliondoka nyumbani na jambo kifuani ambalo sikuweza kulisema, na jambo la namna hiyo hurefusha njia.

LIKONI

Shangazi yangu Zuhura, dadake baba, hupima mtetemo wa ardhi. Likizo hii alinichukua nimshikie daftari. Tulizika masanduku sita, la kwanza nyuma ya nyumba yetu, la mwisho Mwakirunge, uani kwa Hawe Kadzo. "Hawe" ni bibi kwa Kigiriama. Kila sanduku lina chombo kinachosikia ardhi ikitikisika hata kwa kiasi ambacho mguu wako hauwezi kujua, na saa isiyokosea.

Kazi yenyewe Shangazi alinieleza hivi. Tetemeko likitokea mbali, ng'ambo ya bahari, mawimbi yake hayapiti juu tu, hupenya tumbo la dunia na kutokea huku. Penye mwamba mgumu hukimbia, penye moto au ulaini hujikokota. Ukijua wimbi liliondoka saa ngapi na likafika kwa kila sanduku saa ngapi, unaweza kuchora yaliyomo ndani bila kuchimba, kama mama mjamzito anavyopigwa picha mtoto akaonekana. Milipuko ya machimbo ya mawe nayo husaidia, kwa yaliyo karibu. Nilipenda sana. Na niliogopa sana, maana kwetu mtu hafukui ardhi ya watu bure bure. Ardhi hufunguliwa kwa dua, kwa ubani, kwa chochote. Sisi tulifungua kwa sepetu tu.

Sasa lile jambo. Tuliporudi kutoka kuzika sanduku la Kiembeni, nilirarua ukurasa wa daftari la Shangazi niliodhani ni mtupu, nikauandikia Ayatul Kursi, nikaushona ndani ya kipande cha leso nyekundu. Nilipougeuza ndipo nikaona upande wa pili ndiyo zile dakika na sekunde za Kiembeni. Maana kila tukizika, tunagonga bamba la chuma kwa nyundo na mimi naandika saa ya kila pigo, ili sanduku lisije likadanganya. Aya ilikwisha kuandikwa, sikuweza kuitupa. Kesho yake Mwakirunge, Shangazi alipokwenda kuchukua nyaya garini, niliitia hirizi yangu shimoni nikaifunika mchanga. Sanduku likawekwa juu yake.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, tunakunywa chai, simu ya Shangazi ikalia. Alikuwa Mama Dama, kiongozi wa nyumba kumi kule Mwakirunge. Shangazi mikono ilikuwa na siagi, akaiweka simu itoe sauti.

"Zuhura, wamelifukua sanduku lako. Na chini yake wamekuta hirizi."

"Hirizi gani?"

"Nyekundu. Charo, mtoto wa nduguye Hawe Kadzo, mwanawe ashikwa na degedege tangu mlipokuja. Vijana wasema bibi amewaleta watu wa mji wamzikie fingo, amalize ukoo. Wamempa hadi saa tisa alasiri."

"Hadi saa tisa afanye nini?"

"Waulize wao. Mimi niko naye ndani, nimefunga komeo. Njoo, mama, na uje na maneno."

Nyinyi mwajua fingo ni nini, dawa inayozikwa uani ilinde au iue. Na mwajua pia wazee wenye mvi hufanywa nini kule wakishaitwa wachawi. Niliirudisha hamri yangu sahanini.

"Sisi hatukuweka hirizi," Shangazi akasema, akifuta mikono. "Kuna mtu amemtegea yule mzee. Riziki, vaa viatu."

"Abee, Shangazi," nikasema. Ndilo neno pekee lililotoka.

LIKONI HADI CHANGAMWE

Hatukupanda feri. Tulizunguka na barabara mpya ya Dongo Kundu, kwa sababu Shangazi alitaka kwanza kufukua sanduku la Changamwe, maana la nyumbani wangesema tumelipanga, awaonyeshe watu kwamba masanduku yote ni ndugu. Yale madaraja marefu juu ya mikoko, siku nyingine ningetoa kichwa nje nitazame. Siku ile nilitazama magoti yangu. Nilijiambia: tukifika daraja la kwanza nitasema. Tukalivuka. Nikajiambia: la pili.

"Mbona kimya?" Shangazi akauliza.

"Kichwa chaniuma."

"Chukua maji hapo nyuma."

Nikachukua maji. Kwa hivyo nikawa nimesema uongo na nimekunywa.

Miritini malori ya makontena yalikuwa yamesimama kama ukuta. Hakuna aliyejua sababu. Dereva mmoja alikuwa ametandika mkeka chini ya lori lake amelala, na mwenziwe ananyoa ndevu kwenye kioo cha pembeni. Shangazi akapiga honi. Yule wa ndevu akageuka na povu lake.

"Mama, hata ukipiga zumari, tuko hapa tangu alfajiri."

Saa moja na nusu ikatuishia pale. Nilihesabu kwa saa ya garini, na kila dakika nilimwona Hawe Kadzo nyuma ya komeo.

CHANGAMWE

Sanduku la Changamwe lilikuwa nyuma ya shule moja ya msingi. Bawabu, mzee mwenye koti zito katika joto lile, alikataa katakata.

"Hili nimelilinda mimi wiki tano. Siku mlipolizika mliniambia asiguse mtu yeyote."

"Baba, mimi ndiye niliyekwambia."

"Ndiyo. Na wewe ni mtu."

Shangazi akacheka bila kupenda, akampigia mwalimu mkuu simu. Tukangoja. Mwanamke mmoja alikuwa akiuza viazi karai nje ya lango, Shangazi akaninunulia vinne na ukwaju mwingi. Nikaona hapa ndipo. Nikafungua mdomo. "Shangazi, ile hirizi..."

"Kula, mwanangu, usije ukazimia. Ile hirizi nitaizungumza mimi."

Nikala. Viazi vilikuwa vitamu, na nilijichukia kwa kuvionea utamu.

Bawabu aliporuhusu, tulifukua. Shangazi akapangusa mchanga chini ya sanduku kwa kiganja, akanionyesha. Hapakuwa na kitu.

"Umeona? Chini ya hili hakuna, chini ya letu la Likoni hakuna. Mbona liwe na hirizi la Mwakirunge peke yake? Ile wameitia wao wenyewe. Nitawaambia machoni."

Akafungua daftari aandike saa ya kulitoa, akarudi nyuma kurasa chache. Uso ukabadilika.

"Riziki, ukurasa wa Kiembeni uko wapi?"

"Sijui, Shangazi."

Wallahi nilimtazama usoni nikasema hivyo. Sasa hofu zangu zikawa mbili. Shangazi alikuwa anakwenda kuwaita watu wenye mapanga waongo, kwa ajili yangu.

BOMBOLULU

Tulivuka kisiwa na daraja la Nyali. Bombolulu gurudumu la nyuma likapasuka. Saa saba na robo. Jeki yetu haikupanda, meno yake yalikwisha. Shangazi akatoka mbio kutafuta nyingine, akaniacha nilinde gari mbele ya karakana ndogo ya mikufu.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu matatu, miguu yake myembamba ameikunja. Jina lake Salimu. Akanisukumia stuli na kikombe cha juisi ya ukwaju.

"Kile kisanduku mlichokipakia kama yai ni cha nini?"

Nikajaribu kumweleza. Nilimeza maneno nusu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Weka sikio mezani." Nikaliweka. Akagonga ncha ya pili ya meza kwa kinyundo cha kufulia shaba. Sauti ikaingia kichwani mwangu nzito, kabla hata sijajua ameinua mkono.

"Kumbe mti wasema upesi kuliko upepo," akasema. "Kazi yenu ni hii tu?"

"Ni hii tu."

"Basi mwafanya haraka ya nini?"

Sijui kwa nini yeye ndiye niliyeweza kumwambia. Labda kwa sababu sikumjua. Nilimwambia yote: leso, aya, shimo, Hawe Kadzo na saa tisa. Hakuniambia pole.

"Mimi nilipozaliwa hivi," akasema akigusa goti lake, "mama aliambiwa ni mchawi, amekula ahadi ya wenziwe. Jirani aliyelisema alikuja kuomba radhi, niko darasa la sita. Akasamehewa. Lakini mama hakuzaa tena karibu na watu wale, alihama." Akachukua kinyundo. "Sema mapema, bibiye. Hilo si neno la kuwekwa, kila saa ikipita laingia ndani zaidi."

Shangazi akarudi na jeki na kijana wa gereji. Nikarudi garini. Na bado sikusema. Sijitetei, ninawaandikia yaliyokuwa.

KIEMBENI

Binti yake Hawe Kadzo, Mama Neema, amepanga chumba Kiembeni. Shangazi alitaka aje nasi, mtoto amsimamie mamake. Tulimkuta mlangoni, amejua habari, macho yamevimba.

"Siendi," akasema.

"Ni mamako!"

"Ndiyo maana siendi, dada. Nikisimama kando yake watasema nami nimerithi. Nina watoto watatu humu." Akaingia ndani, akatoka na leso mpya bado ina mikunjo ya dukani. "Mkimtoa salama mleteni. Mfunikeni kichwa na hii, watu wasizione mvi barabarani."

Niliipokea mimi, nikaiweka mapajani garini. Hadi wakati ule nilikuwa na tumaini kwamba watu wazima watayamaliza.

MWAKIRUNGE

Tulifika saa tisa kasoro dakika kumi. Njia ni ya vumbi jeupe la machimbo, na upepo ulileta harufu ya moshi wa jaa la taka. Uani kwa Hawe Kadzo walikuwa watu kama arubaini, wengi vijana wa machimboni na unga wa mawe kwenye nyusi. Sanduku letu lilikuwa limelazwa ubavu juu ya gunia, nyaya zimekatwa. Mbele yake, juu ya bati, hirizi yangu. Hakuna aliyesogea karibu nayo. Shimo lilikuwa wazi, na hatua kumi kutoka hapo, jikoni kwa Hawe, kinu na mchi wake. Kile kinu Shangazi alikilalamikia siku ya kwanza, kwamba kitajaza mitetemo kwenye kazi yetu, kila asubuhi bibi anatwanga mahindi. Lakini palikuwa hapana pengine pa kuzika.

Mama Dama akafungua mlango. Hawe Kadzo akatoka ameshikwa mkono, mdogo, mweupe kichwa, macho mekundu. Kelele zikapanda. Mtu akatupa kokoto, ikagonga ukuta.

Shangazi alisema vizuri. Alieleza mawimbi, akaweka sanduku la Changamwe kando ya lile lao. Wengine wakainama kutazama. Kisha akasema, "Na hirizi hii si yetu. Aliyeitia yuko miongoni mwenu."

Charo akaja mbele. Nilitarajia jitu. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Mwanangu ajinyonga kama kamba," akasema, "nawe wanambia sisi twajitegea wenyewe? Mtoto wangu mimi nimtegee?" Sauti ikamkatika. Panga lilikuwa mkononi, sidhani hata alikumbuka kwamba analo. "Basi kama si yenu, ni ya huyu!" Akamwelekea Hawe.

Watu wakasonga. Mama Dama akasimama mbele ya bibi.

"Ni yangu," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nyinyi mwajua sauti yangu. Nikaenda kwenye bati, nikaiokota hirizi kwa mkono, na watu wakaruka nyuma kana kwamba nimeshika nyoka.

"Ni yangu. Niliishona mimi."

"Riziki, nyamaza," Shangazi akasema polepole. Alidhani namwokoa bibi kwa uongo.

"Wamekupa nini useme hivyo?" Charo akauliza. "Umefunzwa."

Nikaipasua kwa meno. Uzi ulikuwa mgumu, nilishona mara mbili, na niliuma ulimi. Nikatoa karatasi nikampa Mama Dama. Akaitazama aya akitikisa kichwa, yeye ni Mkristo, akampa mzee mmoja mwenye kofia, yule akasema, "Ni Ayatul Kursi, wala hakuna jina la mtu." Kisha Mama Dama akaichukua tena, akaigeuza. *Kiembeni. Pigo la kwanza. Pigo la pili.* Dakika, sekunde.

"Shangazi, lete daftari," nikasema.

Akalileta. Mama Dama akalifungua penye mraruo wangu, akaweka karatasi pale. Kingo zikaingiana, jino kwa jino. Akalizungusha daftari kwa watu waone, na mwisho akamwonyesha Charo. Charo alitazama muda mrefu. Kisha akakaa chini, palepale vumbini, panga likalala kando yake.

Shangazi hakunitazama. Hilo liliniuma kuliko kokoto.

Hawe Kadzo akamwondoa Mama Dama kwa mkono, akanijia. "Mwanangu," akasema, "ulikuwa waogopa nini hapa kwangu, hata ukazika aya?"

Mwanzoni nimewaandikia kwamba niliogopa shimo. Si kweli yote. Mashimo matano sikuyatilia kitu. Siku tulipokwenda kumwomba mahali pa kuzika, kabla ya Kiembeni, yeye alitukaribisha uji wa mtama, akaniinamia na yale macho mekundu, na mimi nilikimwaga kikombe nyuma ya nyumba. Yeye yupo mbele yangu akingoja, watu arubaini wanasikiliza, sikuweza kusema uongo wa tatu.

"Nilikuogopa wewe, Hawe."

Akainua mkono akajipangusa jicho moja, kisha la pili, kama mtu anayesafisha kioo.

"Ni moshi, mwanangu," akasema. "Wa kuni."

KURUDI

Shangazi ndiye aliyeuliza lililokuwa halijaulizwa: mtoto amepelekwa hospitali? Hajapelekwa, alikuwa kwa mganga. Basi pikapu ikageuka gari la wagonjwa. Mkewe Charo akapanda nyuma na mtoto wake aliyekuwa anawaka homa, na Hawe Kadzo akapanda na furushi moja, kichwa amefunikwa ile leso mpya. Nilikaa nao huko nyuma. Njia nzima yule mama alimshika mwanawe mguu, usije ukamgusa bibi. Hawe aliona. Akajisogeza mwenyewe hadi kwenye kona ya bodi, akakunja nguo zake.

Tuliwashusha mtoto na mamake hospitalini. Ilikuwa malaria, akapona. Hawe tukamshusha Kiembeni. Mama Neema alimpokea mlangoni akiangalia kushoto na kulia kwanza.

"Utarudi kwako, Hawe?" nikamuuliza.

"Karatasi yako wameiamini, mwanangu. Mimi bado nina mvi."

Shangazi hakusema nami hadi Likoni. Tulipozima gari akasema, "Nilikwenda kuwaita waongo watu waliokuwa wanasema kweli." Nikalia. Akaniacha nilie, kisha akanipa daftari. "Bandika ukurasa wa Kiembeni mahali pake." Niliubandika kwa gundi, aya ikiwa juu.

Baada ya siku nne yeye na Mama Dama walilirudisha sanduku shimoni, safari hii watu wamealikwa watazame, na dua ikasomwa wazi.

Juzi, kabla ya shule kufunguliwa, alinionyesha kwenye kompyuta kazi ya Mwakirunge. Tetemeko la mbali lilipita siku moja mchana, tulipokuwa sote tunakula. Mstari unaanza kutikisika Likoni, kisha masanduku mengine, kila moja kwa zamu yake, na la Mwakirunge linakawia kidogo kuliko alivyotarajia. Kuna kitu chini kule, akasema, pengine mwamba laini. Alifurahi.

Mimi nikamwomba arudi nyuma, siku za kwanza kabisa. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kulikuwa na vishindo vidogo vilivyopangana sawasawa, du, du, du, kama mchi kinuni, robo saa nzima. Siku ishirini na moja. Halafu nyayo za watu wengi. Halafu jembe. Halafu mstari umekatika.

"Na baada ya kulirudisha?" nikauliza.

Akavuta mbele. Asubuhi ya kwanza, ya pili, ya kumi. Saa kumi na mbili na nusu mstari umenyooka kama uzi.

"Kwa kazi yetu ni afadhali," Shangazi akasema. "Hakuna kelele." Kisha akaizima kompyuta.